Kicheko kinamwangukia nani?

Tangu kaskazi ianze kuvuma, kuna riwaya moja ya Kiingereza inayozunguka hapa Amu, yaani Lamu, kama sahani ya futari: kila nyumba inaipokea, kila nyumba inaipeleka mbele. Mgeni mmoja aliiacha katika nyumba ya kulala wageni kule Shela, mama anayefanya usafi akaiokota badala ya kuitupa, na tangu siku hiyo imepita mikononi mwa walimu, wauza duka, vijana wa mashua na wanafunzi waliorudi likizo. Jalada limevimba kwa unyevunyevu na gundi ya mgongo imeachia. Kisa chenyewe si kizito. Karani wa ofisi mjini London anatia ufunguo saa ya ukutani kinyumenyume, anazinduka miaka mia mbili nyuma katika jumba la bwana mmoja mkavu wa maneno, ambaye mshauri wake ni mchawi mzee aliyesahau nusu ya uganga wake. Karani na bwana wanagombana, wanapendana, mchawi anawaharibia mambo kila anapojaribu kuwatengenezea, na msomaji anacheka mpaka anashika mbavu.

Mzozo uliozuka barazani umekuwa mkubwa kuliko kitabu. Upande mmoja wapo wanaosema ni upuuzi mtupu, historia imechezewa, na kijana akisoma vitu kama hivi ataharibika akili. Upande wa pili wanasema tuwache, hiyo ni starehe, mtu amechoka na kazi zake anataka kucheka na kupendwa kwa niaba. Katikati wamo wanaopima mapenzi peke yake: je, mwanamke wa leo anaweza kweli kumpenda mwanamume asiyejua kwamba mke ana haki ya kusema hapana? Mimi naona wote wamekosea mahali pamoja. Kitabu cha namna hii hakipimwi kwa usahihi wa tarehe, wala kwa utamu wa mapenzi, na hakika hakipimwi kwa kusema ni mchezo tu. Kinapimwa kwa kutazama kicheko kinamwangukia nani, mgeni aliyekuja kutoka wakati mwingine au wenyeji aliowakuta. Na watu wa Amu, kuliko wasomaji wengine wengi, tulipaswa kuliona hilo mapema, maana sisi tunaishi katika mji ambao kila ndege inayotua Manda inashusha watu waliokata tikiti ya kurudi kale.

Tuanze na asili ya jambo. Kumrusha mtu nyuma ya wakati ili watu wacheke si mchezo wa juzi. Mark Twain wa Marekani alifanya hivyo mwaka 1889, alipompeleka fundi wa kiwandani katika baraza la mfalme Arthur. Fundi yule anaokoka kuchomwa moto kwa sababu anajua jua litapatwa siku ile, akajifanya yeye ndiye aliyelizima. Ukisoma kurasa za mwanzo unadhani kicheko ni cha watu wa kale, wajinga wasiojua kupatwa kwa jua. Endelea mpaka mwisho: fundi na maarifa yake yote anamalizia kwa nyaya za umeme na bunduki, maiti zimelala kwa maelfu, na kicheko kimekwama kooni. Miaka sita baadaye, 1895, H. G. Wells wa Uingereza akatengeneza mashine ya kusafiria wakati, lakini yake ilikwenda mbele na haikuwa na mzaha mwingi. Mapenzi yalikuja kukaa katikati ya safari hizi baadaye, hasa waandishi wanawake walipoona kwamba mgeni akiwa mwanamke, kila kitu kinageuka. Mwanamume akirudi kale anaweza kujitangaza mganga. Mwanamke akirudi kale, swali la kwanza ni nani atamlinda na kwa bei gani. Hapo ndipo kicheko na mapenzi vilipooana.

Na sisi hatukukaa nje. Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii, alitupa Walenisi mwaka 1995, kisa cha mtu aliyehukumiwa kifo akajikuta katika ulimwengu mwingine wenye nidhamu ya utu ambayo kwao haikuwapo. Said Ahmed Mohamed alitupa Babu Alipofufuka mwaka 2001, ambapo babu anatoka kuzimu kuja kumhoji mjukuu aliyejaa mali na uoza. Ndani ya vitabu hivyo wakati unapindwa, maiti wanasema, na mtu anacheka, ila ni kicheko cha pilipili. Mapenzi humo si upepo unaosukuma tanga. Kwa hiyo anayesema fantasia ni kitu cha kigeni kwa Kiswahili hajafungua rafu ya nyumbani. Tofauti ya hii riwaya ya Shela ni kwamba imetumia mzaha mwepesi na mahaba, na kwa watu wetu wengi wepesi ni dalili ya utupu. Kitabu kikikufanya ucheke, basi hakikufundishi. Sijui tuliitoa wapi fikra hiyo, watu tuliolelewa na hadithi za Abunuwasi.

Hoja dhaifu kuliko zote nimeisikia kwa watu wanaoheshimika, kwa hiyo niishughulikie kwa heshima. Wanasema wakati haurudi nyuma, kwa hiyo kisa ni uongo, na uongo haufai. Sasa, Fumo Liyongo, ambaye kila mtoto wa Amu na Pate anamjua, hakuuawa kwa mkuki wala upanga bali kwa sindano ya shaba ya kitovuni, iliyochomwa na mwanawe mwenyewe. Alitoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, huku ngoma na nyimbo zikiziba mlio wa kukata minyororo. Sijapata kumsikia mzee akisimamisha utendi kuuliza ngozi ya mtu inazuiaje chuma. Na mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alifanya nini kama si safari ya wakati? Anasimama mbele ya magofu ya Pate, anaona popo na buibui, halafu anaona taa za bilauri, mito ya hariri, mabwana wakitembea kwa maringo. Anakwenda na kurudi ndani ya beti chache bila saa ya ukutani. Alifanya hivyo ili aionye nafsi yake, na mwandishi wa hii riwaya ya Shela amefanya ili tucheke, lakini chombo ni kile kile.

Kuna mwalimu mmoja, rafiki yangu, ambaye alisoma riwaya hii akiwa na penseli mkononi kama anayesahihisha mitihani. Kila alipokuta kitu ambacho hakikuwapo miaka ile, aliweka mkato pembeni: aina ya kiberiti hapa, kitufe cha nguo pale. Nilimkuta barazani akisoma orodha yake kwa sauti. Kijana mmoja wa mashua akamuuliza, "Mwalimu, niwie radhi, pale karani anapotafuta choo usiku na kufungua kabati la nguo za bwana, wewe ulicheka au hukucheka?" Mwalimu akanyamaza kidogo. "Nilicheka." "Basi," akasema kijana, akaendelea na kahawa yake. Hoja ya kijana haikuwa kwamba makosa ni halali. Ilikuwa kwamba pale pa choo hapakuwa na mkato wowote wa penseli, wala haukuhitajika, kwa sababu pale mwandishi alikuwa sahihi kabisa kuhusu jambo moja kubwa: mtu wa leo akipelekwa kale hawezi hata kujisaidia bila msaada wa wenyeji.

Upande wa "ni starehe tu" ndio uliojaa watu, na ndio unaonikera zaidi, kwa sababu unajifanya mpole. Nauliza: starehe ya nani? Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo maisha ya watu wengi hapa yanategemea kuuza wakati uliopita. Mgeni anashuka gatini, anaona punda, milango ya kuchonga, wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, anasema kwa furaha kwamba hapa wakati umesimama. Nimemwona kijana wa mashua akivua jezi ya Arsenal na kujifunga kikoi kabla wageni hawajashuka, kisha akaweka simu chini ya mto wa kukalia. Huyo ni mhusika katika riwaya ya kurudi kale, analipwa kwa siku, na anajua anachofanya. Mgeni anataka akutane na mtu wa karne nyingine, na kijana anampa mtu huyo mpaka saa kumi na mbili jioni, halafu anarudi kutazama mpira. Kwa hiyo tukisema ndoto ya kurudi kale ni mchezo usio na maana, tunasahau kwamba ndoto hiyo inalipa karo za shule. Swali ni kama ndoto inamfanya mwenyeji kuwa pambo, au inamwacha awe na jicho lake la kumtazama mgeni na kumcheka kimoyomoyo.

Hapa riwaya imefanya vizuri kuliko watetezi wake wanavyojua. Karibu kila mzaha mzuri ndani yake unamwangukia karani. Anainua simu juu ya mlima kutafuta mtandao. Anamweleza mpishi kuhusu vijidudu vya maradhi, mpishi anamsikiliza kwa adabu na kumpa supu ya kutuliza kichaa. Anamwita bwana kwa jina lake mbele ya watu, nyumba nzima inanyamaza, na mchawi anajaribu kumwokoa kwa kumgeuza bata. Wenyeji wa jumba lile wana akili, wana kazi zao, wana subira na huyu mtu wa ajabu aliyeanguka kutoka hewani. Mgeni ndiye asiyejua kitu. Sisi tuliokaa miaka mingi tukielezwa na wageni maana ya nyumba zetu wenyewe tunajua thamani ya kicheko cha namna hiyo.

Sasa nije kwenye hoja nzito, ambayo barazani ilisemwa na mtu mmoja tu na haikujibiwa na yeyote. Alisema hivi: kila anayeota kurudi kale anajiona ghorofani. Hakuna anayejiona jikoni. Msichana wa Amu akisoma riwaya hii na kuota nyumba ya mawe ya mababu, anajiona ameketi ndani, nyuma yake zidaka za ukutani zimejaa sahani za Kichina, ana kanzu ya hariri na anangojewa na bwana. Lakini nyumba zile zilijengwa na kuendeshwa na watumwa, na utumwa katika pwani hii ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Nani alipanda ngazi na maji? Nani alichoma matumbawe kupata chokaa ya kuta zile nyeupe ambazo leo tunazipigia picha? Riwaya ya mapenzi ya kurudi kale, alisema, inampa msomaji cheo ambacho kwa hesabu ya kawaida asingekuwa nacho, na hiyo ndiyo hatari yake, si kitufe cha nguo.

Nakubali hoja hii karibu yote. Nikiiweka sawa na hoja ya mwalimu, naona mwalimu alikuwa anatafuta makosa mahali pasipofaa. Kosa la kiberiti halimdhuru mtu. Kosa la kumficha anayewasha moto linadhuru. Lakini pia nimerudi kwenye nakala yenyewe, nikafuata alama za wasomaji. Ziko nyingi: mikato ya mwalimu, nyota za wino wa bluu kila wanapokaribiana karani na bwana (hizo najua ni za nani, sitasema), na mistari ya watu waliocheka. Alama ya yule mama wa usafi aliyekiokota kitabu ni moja tu katika kitabu kizima, aliniambia mwenyewe. Ni pale karani, kwa wema wake, anapotandika kitanda chake asubuhi, na mtumishi anaingia, anakiona kitanda kimetandikwa, anaanza kulia akidhani amefukuzwa kazi. Tukio lina aya tatu. Wanaume barazani walilipita bila kuliona. Mama amechora mstari mzito kando ya aya zote tatu. "Wageni wangu wengine hufanya hivyo," aliniambia, "na mimi husimama pale mlangoni nisijue niseme nini." Alicheka aliposoma, tena sana. Hapo kicheko kimemwangukia mwenye wema, na kazi ya aliye chini imeonekana, bila hotuba. Kwa hiyo jibu langu kwa yule bwana wa hoja nzito ni kwamba mzaha unaweza kuingia jikoni. Tatizo ni kwamba riwaya hii imeingia mara moja tu.

Na upande wa mapenzi, nitasema upesi kwa sababu sioni mengi. Robo ya mwisho imelegea. Mara tu karani na bwana wanapokubaliana kwamba wanapendana, bwana anakuwa mtakatifu, karani anaacha kukosea, na hata mchawi anakumbuka uganga wake wote kwa ghafla. Msichana mmoja wa kidato cha nne alisema kwa maneno matatu kile ambacho mimi ningehitaji ukurasa: "Kapendwa, akapoa, akanyamaza." Wanaogombana kama alipaswa kubaki kale au kurudi London wanagombania kitu ambacho mwandishi mwenyewe alikwisha kukiacha. Angebaki huku anaendelea kufungua makabati yasiyo vyoo, ningemwamini.

Mzozo huu wote umeniacha na jambo jingine. Wasomaji watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniambia kitabu hiki kitafsiriwe. Mimi nasema kisitafsiriwe, kiandikwe upya hapa, kwa sababu chimbuko la mzaha wake ni lugha na saa, na vitu hivyo viwili sisi tunavyo kwa wingi kuliko Waingereza. Chukua saa. Tunahesabu kuanzia macheo, kwa hiyo saa moja yetu ni saba yao, na hilo peke yake limewakosesha wageni mashua nyingi. Halafu siku: kwa bibi zetu siku inaanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Mwambie mjukuu aliyesoma bweni aje usiku wa Ijumaa, atafika watu wamekwisha kula na kuosha vyombo jana yake. Watu wawili wa nyumba moja wanapishana saa 24, na hakuna mchawi aliyehusika.

Lugha ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Kiamu, lugha ya tendi, kikabaki nyumbani na barazani, na mtoto akikiandika darasani anapigwa mkato mwekundu. Sasa mrudishe msichana wa leo, mwenye alama ya A ya Kiswahili, aanguke katika ua wa nyumba ya mawe. Bibi mwenye nyumba anamwona, anamwita: "Ndoo!" Kwa Kiamu anamwambia njoo. Msichana, kwa Kiswahili chake cha mtihani, anasikia anaagizwa ndoo ya maji. Anatazama huku na huku, anaiona karibu na kisima, anaibeba kichwani. Bibi anashangaa kidogo, kisha anafikiri: aah, kumbe huyu ndiye kazi yake. Na hivyo, kwa herufi moja, aliyejiona ghorofani ameingia jikoni, na itamchukua nusu ya kitabu kutoka. Mzaha huo hauwezi kutafsiriwa kutoka lugha yoyote. Ndani yake mna utumwa, mna shule, na mna kicheko kinachomwangukia msomaji mwenyewe.

Ningempeleka mwaka wa vita vya Shela, yapata 1812, watu wa Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, walipokuja kuipiga Amu na mashua zao zikakwama mchangani maji yalipokupwa. Msichana angejua nani atashinda, kama fundi wa Twain alivyojua jua litapatwa, lakini yeye asingeaminiwa na mtu. Angetaka kukimbilia ngomeni, maana kila mtu wa Amu akipotezana na mwenzake huambiwa tukutane ngomeni, na ngome haipo, itakamilika mwaka 1821. Hata Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, hamna Mkunguni. Punda tu ndio angewatambua. Na kama akitokea kijana wa mtepe, chombo cha mbao za kushonwa kwa kamba, mwenye macho mazuri na maneno machache, wasomaji wenye wino wa bluu wataanza kuweka nyota, lakini hapa kwetu mapenzi hayaendi popote kabla ya swali ambalo mwandishi wa London hakulihitaji. Bibi atamkalisha msichana chini, atamtazama usoni mpaka amalize, kisha atamuuliza kile ambacho kila mgeni wa Amu anaulizwa mpaka leo: "U mwana wa nani?" Msichana atataja baba yake, ambaye hajazaliwa. Atataja babu, hajazaliwa. Atapanda nasaba yake jina kwa jina, akihesabu kwa vidole, bibi akitikisa kichwa kila mara kwamba hamjui, hamjui, huyo naye hamjui, mpaka atakapofika jina la saba, bibi atatabasamu na kunyoosha kidole kwa yule kijana wa mtepe aliyesimama mlangoni.